Jina Alilolinyamazia Ernesta

Sokoni Biharamulo watu wanamfahamu Ernesta kwa neno moja asilolisema. Wingu likitanda, wauza dagaa wakianza kufunika mabeseni yao kwa nailoni, yeye huinua uso na kusema, "Maji ya juu hayo yanakuja." Wageni hudhani anatania. Wanaomjua humchokoza makusudi.

"Mama Ernesta, kwani kinachonyesha ni nini?"

"Kinakulowesha wewe," huwajibu, "mimi nikitaje kwa nini?"

Hakuna aliyewahi kumtega akategeka. Wamejaribu kwa nyimbo, wamejaribu kwa vitendawili, hata katekista mmoja aliwahi kujaribu siku ya kuombea mashamba. Ernesta alisali na wenzake vizuri tu, ila walipofika mahali pa kuomba kile kinachoshuka kutoka juu, mdomo wake ulifungika kwa kitambo kidogo kisha ukafunguka mbele ya safari.

Basi sikilizeni ilikotoka.

Ernesta ni Mhangaza wa Mbuba, wilaya ya Ngara. Aliletwa Biharamulo mwaka 1961, binti wa miaka kumi na minane, kuolewa na Faustini, mtoto wa saba wa mhunzi. Wahangaza pale mjini walikuwa kaya kumi na moja, za ukoo mmoja, zimebanana pembeni mwa mji kama kuku wanaoota jua, katikati ya Wasubi wenye nchi yao. Mhunzi ndiye aliyetangulia, akawasha moto, na waliomfuata waliufuata moto wake. Watu wa mjini hawakuhangaika kupatafutia jina. Walisema tu, "kwa Wahangaza", na kila mtu alipajua kwa mlio wa nyundo.

Siku chache kabla binti hajaondoka kwao, shangazi yake alimketisha nyuma ya nyumba amfunze mambo ya mke. Alimfundisha namna ya kupiga magoti na namna ya kupokea kikombe. Akamfundisha mahali pa kutotia mguu pale moto wa chuma unapowaka. La mwisho likawa la ulimi. Mke hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno linalofanana nalo, awe hai au awe amekufa. Sasa ili usilitamke jina, sharti ulijue. Shangazi akainama, akalinong'ona sikioni mwa binti mara moja tu.

"Umelisikia?"

"Nimelisikia, shangazi."

"Basi hilo ndilo usiloliita."

Jina la mzee lilikuwa na mvua ndani yake. Ndiyo kusema Ernesta aliingia nyumba ya mhunzi akiwa ameiacha mvua kwao Mbuba, amebaki na maji ya juu. Alipojifunza Kiswahili sokoni akakuta mvua ya Kiswahili nayo ni ndugu wa damu wa ile ya Kihangaza. Akaiacha vilevile. Watu wa siku hizi husikia haya wakacheka, na si vibaya. Yeye mwenyewe hucheka. Lakini neno halitoki.

Huyo mkwe alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo ya kuungua, na alipenda uji wa mtama uliochacha kidogo. Alifua miundu, visu, na ncha za mikuki. Jembe la dukani lilipoenea, la kwake likakosa mnunuzi, ila hakulalamika sana; akageukia kengele za ng'ombe. Na Mungu si Athumani, Wasukuma wakaanza kuingia kutoka Mwanza na Shinyanga na makundi yao, wakitafuta malisho huku Kaniha na kwingineko. Ng'ombe wa Msukuma hatembei kimya. Wakamjua mzee, wakampa jina la kazi yake, Kengele. Mji mzima ukalipokea. Wana wakamwita Baba. Wajukuu wakamwita Babu. Wake za wanawe, Ernesta na mwenzake Esperansia aliyeolewa na kaka yake Faustini, wakamwita "yule wa kwenye moto."

Huko nyuma kila mtoto wa Kihangaza alipewa jina lake mwenyewe, hakubeba la baba. Faustini alikuwa wa saba, kwa hiyo aliitwa Nyandwi, ndivyo aitwavyo wa saba. Shule zilipokuja kudai jina la ukoo, watoto wa Faustini wakaandikwa Nyandwi, na wajukuu nao Nyandwi, hadi leo. Kwa hiyo jina la mhunzi halikushikwa na mtu. Lilikaa kwenye midomo ya watu wa rika lake, na wale walipokwenda mmoja mmoja, walikwenda nalo.

Mzee aliliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ilikuwa mwaka 1979. Mkewe alikwishatangulia, marafiki zake wamekwisha, na yeye amelala kwenye kitanda cha kamba, miguu imevimba. Ernesta alimpelekea uji asubuhi. Alipiga magoti, akanyoosha kikombe kwa mikono miwili. Mzee hakukipokea.

"Mwanangu," alisema, "nani amebaki wa kuniita?"

Ernesta alidhani anaulizia wageni. "Wanao wako shambani, baba. Niwaite?"

"Hao wananiita Baba. Wewe unaniita yule. Wasukuma wananiita Kengele, kama kwamba mimi ndiye ninayefungwa shingoni mwa ng'ombe." Alicheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. "Nina jina. Tangu mwenzangu Bihori afe sijalisikia. Linakaa tu kama shoka lisilo na mpini. Wewe unalijua, najua walikuambia. Niite, hata mara moja."

Kikombe kilikuwa cha moto. Ernesta alihisi vidole vinaungua, asikiweke chini. Jina lilikuwepo, lilikuwa limesimama nyuma ya meno kabisa, na meno hayakufunguka. Alitazama mkeka. Hajui alikaa hivyo kwa muda gani. Mwisho mzee alinyoosha mkono, akachukua kikombe mwenyewe.

"Basi, mwanangu," alisema kwa upole. "Ulifunzwa vizuri."

Akanywa uji wake. Baada ya siku nne alikuwa amezikwa.

Yako masifu yanayokaa mwilini kama mwiba. Ernesta alifiwa na Faustini, alizika watoto wawili, aliona kaya kumi na moja zikipungua: wengine wakarudi Mbuba, wengine wakafuata biashara Rusumo kwenye malori, wengine Kahama, zikabaki nyumba tatu. Mahali pa moto pakawa kichaka kidogo kando ya mfereji, pamejaa mavi ya chuma, yale mabonge meusi mepesi yanayobaki chuma kikishachujwa. Katika yote hayo, akiwa anapepeta mchele au akiwa kanisani, sauti ileile ilimrudia: ulifunzwa vizuri. Na kila iliporudi alitamani kikombe kile kimrudie mkononi, walau kwa pumzi moja.

Hapo ndipo ikaja habari ya anwani za makazi.

Mnakumbuka mwaka ule serikali ilivyotaka kila nyumba iwe na namba na kila njia iwe na jina. Biharamulo walimpeleka kijana mmoja, Danstan, mpole, mwenye simu mbili na kofia ya jua. Alipita nyumba kwa nyumba na mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Tomasi, Msubi ambaye angefurahi kila barabara ya dunia ingeitwa Amani, kazi ikaisha mapema.

"Amani zipo tatu tayari, mwenyekiti," Danstan alisema.

"Amani ikizidi inamdhuru nani?"

"Gari la wagonjwa, mzee. Litakwenda Amani nyingine."

Njia ya kwa Wahangaza haikuwa na jina. Danstan akawaambia watafute, na Ijumaa katika mkutano wa kitongoji wapitishe. Wakileta jina la mtu, liwe jina lake hasa, na kwenye fomu waeleze kwa ufupi alikuwa nani. Wasipoleta, mwenyekiti alikuwa na lake mfukoni: Amani Mpya.

Abeli, mjukuu wa Ernesta, ndiye aliyelichukulia jambo hili kifuani. Ana miaka thelathini na minne, ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na karakana yake iko hatua hamsini tu kutoka yale mavi ya chuma. Alirudi nyumbani jioni ile, akamkuta bibi yake anachambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona uso umekuwa kama geti lisilopakwa rangi?"

Abeli akaketi. "Bibi, sisi ni nyumba tatu. Tukifa sisi, nani atajua kwamba hapa walikaa wahunzi? Nataka njia iitwe kwa jina la babu mkubwa. Nilitaka kuandika Kengele."

Ernesta aliacha maharage. "Kengele ni kitu alichotengeneza. Fundi cherehani wako unamwita Suruali?"

"Basi niambie jina lake."

Bibi akarudi kwenye maharage.

"Bibi, najua lina mvua. Mji mzima unajua, kwa jinsi unavyoikwepa. Nitataja, wewe utaitikia tu kwa kichwa. Mvurayabo? Nyamvura, hapana, hilo la mwanamke. Bamvura? Semvura? Rumvura? Ntamvura?"

Ernesta alikuwa amekaza shingo kama mtu aliyebeba mtungi.

"Itikia basi."

"Kuitikia ni kusema kwa shingo," alijibu. "Shangazi yangu hakunifundisha mdomo peke yake."

"Padri mwenyewe alishasema Mungu hakasiriki kwa mambo haya."

"Najua hakasiriki. Mimi sikuolewa nyumbani kwa Mungu."

Abeli alicheka bila kupenda, kisha kicheko kikaisha. "Nikiandika mojawapo ya hayo, nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na mimi ndiye nitakayepita hapo kila siku kwenda sokoni, ninasomewa jina la mtu mwingine."

Alilisema kwa ukali ambao Abeli hakuutarajia. Kijana akatazama chini, akaona bibi yake anarudisha maharage mabovu kwenye mazuri. Akatoa simu taratibu.

"Nimpigie bibi Esperansia, Mbuba?"

Esperansia alirudi Mbuba zamani, mumewe alipofariki. Ndiye pekee aliyebaki, ukimwondoa Ernesta, kati ya watu waliokula chungu kimoja na mhunzi. Simu ikaita sana. Ilipopokelewa, Abeli aliweka sauti ya juu.

"Nani?"

"Mimi Ernesta. Hujafa?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe utangulie, wewe mkubwa. Habari za huko?"

"Nzuri. Huko maji ya juu yameshaanza?"

"Yameanza, maharage yanaoza." Wote wawili walisema maji ya juu, na Abeli alishika kichwa. Hapo hapo alijua safari hii haifiki. Bibi zake wawili, wa Mbuba na wa Biharamulo, walifunzwa nyuma ya nyumba za aina moja.

Ernesta akaeleza habari ya njia. Upande wa pili kuku akasikika.

"Unalikumbuka?" Ernesta aliuliza.

"Nitalisahau vipi? Nimelikwepa miaka hamsini na minane."

"Basi mwambie huyu kijana."

"Nani, mimi? Mwambie wewe, ndiye mjukuu wako."

"Wewe uko mbali. Huko mzee hasikii."

"Asiyesikia ni nani? Ernesta, ulitaka mimi niteleze ili wewe ubaki mke mwema?"

Wakaanza kucheka, vikongwe wawili, kicheko cha wasichana waliokuwa wakipeleka makaa kwa wahunzi na kukimbia kabla hawajaulizwa neno. Walicheka hadi Esperansia akakohoa. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Wako wajukuu hapa, wananiuliza alikuwa nani. Nawaambia, yule wa kwenye moto. Wananiuliza, moto gani?"

Simu ikakatika yenyewe, kama simu za Mbuba zinavyofanya.

Alhamisi Kwandu alifika kutoka Kaniha. Kwandu ni Msukuma, mjane kama Ernesta, na huja na ndoo ya maziwa mgando kila wiki. Urafiki wao ulianzia kwenye kengele. Mume wa Kwandu alinunua moja kwa mbuzi jike mwaka 1975, na Kwandu, bi harusi mpya wakati huo, ndiye aliyetumwa kuifuata. Ernesta akamkaribisha ndizi. Alipopata habari ya jina, Kwandu alishangaa kwa mikono.

"Dada, watu wenu ni wa ajabu. Sisi Wasukuma tunamkimbia mkwe kwa miguu. Ukimwona njiani unaingia kichakani, yamekwisha. Ninyi mnamkimbia kwa ulimi hadi kaburini."

"Hajatoka kaburini kulalamika."

"Una hakika?"

Lilikuwa swali la utani tu, maskini, Kwandu hakujua amegusa wapi. Ernesta alisukuma sahani ya ndizi pembeni, kisha kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisimulia habari ya kikombe cha uji. Hakuwahi kumwambia Faustini. Hakuwahi kuipeleka hata kwenye maungamo, kwa sababu hakujua aiite dhambi gani. Alisimulia akitazama nje, mpaka kwenye lile neno, ulifunzwa vizuri.

Kwandu alikaa na bakuli lake mapajani. Mwisho akasema, "Kesho nitarudi, nilale hapa hapa mjini kwa mwanangu. Nitakuja kwenye huo mkutano."

"Kufanya nini? Wewe si wa kitongoji hiki."

"Kengele yangu ni ya hapa."

Mkutano ulikuwa kwenye kiwanja cha mbele ya nyumba ya Mzee Tomasi, watu kama hamsini, wengine kwenye viti vya plastiki, wengine wamesimama na pikipiki zao. Danstan aliita njia moja moja. Ya msikitini ikapita. Ya zahanati ikapita. Ilipofika ya kwa Wahangaza, Abeli alisimama akaeleza habari ya wahunzi, vizuri, kama mtu aliyekesha anaifanyia mazoezi.

Mwanamume mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi akanyoosha mkono. "Mimi sina ugomvi. Ila nyinyi mmebaki nyumba tatu. Njia nzima ya nini? Si mpewe uchochoro?"

Watu wakacheka. Kicheko hakikuwa kibaya, ila kiliuma.

Nyuma kabisa ikalia kengele. Si kengele ya shule wala ya kanisa. Sauti nzito, kavu, inayokwenda mbali bila haraka. Watu wakageuka. Kwandu alikuwa ameishika kwa mkanda wake wa ngozi uliochakaa.

"Hii ina miaka arobaini na saba," alisema. "Imepita kwenye shingo za ng'ombe tisa. Wewe mwenye duka, niuzie kitasa kimoja kitakachomaliza miaka mitano."

Sasa wakamcheka mwenye duka, naye akacheka pamoja nao. Danstan akasubiri watulie. "Haya, nimeelewa. Huyo fundi aliitwa nani?"

"Kengele," sauti kadhaa zilisema.

"Hilo la utani. La kwake?"

Abeli alikuwa bado amesimama. Angeweza kutaja lolote. Alimtazama bibi yake kwenye kiti cha mbele, akaketi.

"Basi," Mzee Tomasi alisema, akikunjua karatasi yake, "kwa kuwa jina halipo, napendekeza Amani Mpya. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mikono ikaanza kupanda, mmoja hapa, miwili kule, kwa uvivu wa watu walioona jua limepanda. Ernesta aliihesabu hadi saba. Kisha akainuka, na kwa sababu alikuwa mzee mwenye fimbo, walimngoja. Walidhani anakwenda nyumbani.

Hakwenda nyumbani. Aligeuka akawapa mgongo wote, Danstan, mwenyekiti na wengine, akaelekea upande wa mfereji, kule kwenye kichaka chenye mabonge meusi. Akaweka fimbo chini. Akapiga magoti, goti moja, kisha la pili, taratibu kama mifupa yake ilivyomruhusu, kama alivyopiga siku zote mbele ya yule wa kwenye moto. Mikono yake miwili aliinyoosha mbele, viganja juu, kana kwamba imeshika kitu.

"Semvura," alisema.

Alikuwa na sauti ndogo. Waliokuwa karibu ndio waliosikia. Mama mmoja wa Kihangaza, wa nyumba ya tatu, alifunika mdomo kwa khanga na kuinamisha kichwa. Wasukuma, Wasubi, Wahaya, wote walinyamaza kwa kuona tu sura za walionyamaza. Abeli alilitambua jina. Alikuwa amelitaja yeye mwenyewe juu ya ungo wa maharage, katikati ya mengine, akalipita kama mtu anayepita kwao gizani.

Danstan hakuwa Mhangaza, na kalamu yake ilikuwa tayari. "Samahani, bibi. Sijasikia vizuri. Rudia tafadhali."

Kijana wa watu, alikuwa anafanya kazi yake. Wengine walimtazama kama mtu aliyekanyaga chakula. Lakini Ernesta, akiwa bado amepiga magoti, alifikiri kwamba hivyo ndivyo alivyoombwa na mtu mwingine, na kwamba safari hii kuna anayesubiri kusikia. Akavuta pumzi.

"Semvura," alisema, na sasa hata wenye pikipiki walisikia. "Mhunzi. Alitoka Mbuba. Alipenda uji uliochacha. Aliwasha moto hapa kabla hakujawa na njia, njia imekuja kwa kuufuata moto wake. Aliniomba nimwite, nikakataa."

Danstan akaandika. Hakuandika yote, fomu haikuwa na nafasi ya uji. Mzee Tomasi alikunja karatasi yake ya Amani Mpya, akairudisha mfukoni, akauliza kwa adabu ambayo watu hawakuizoea kwake, "Wanaokubali jina hili?" Mwenye duka alikuwa wa kwanza kunyoosha.

Nguzo aliichomelea Abeli mwenyewe, ingawa vibao vililetwa tayari. Aliisimamisha kwenye kona, karibu na mfereji, na chini yake kwenye saruji akapachika mabonge matatu ya mavi ya chuma. Mtaa wa Semvura. Ernesta huipita kwenda sokoni na kurudi. Wiki za mwanzo alisimama kila mara. Alikuwa anangoja kitu, hajui nini. Labda moyo wake utue, labda ile sauti iliyomsifu imwambie jambo jingine. Kibao kilikuwa kibao. Jua liliking'arisha, magari yalikitimulia vumbi. Jina lilikuwa limefika, limesimama wima, na mwenyewe hayupo kuitika. Hilo nalo limekaa naye, na sidhani kama litaondoka.

Kwandu alimkuta hapo siku moja, ndoo yake mkononi, mawingu yakiwa yamejaa upande wa Kaniha.

"Sasa umemaliza," alisema. "Niambie, hicho kinachokuja huko ni nini?"

Ernesta alitazama juu. "Maji ya juu."

"Dada, jina lenyewe umelisema mbele ya mkutano."

"Lile aliniomba. Hili hakuniomba."

Kwandu alicheka hadi maziwa yakataka kumwagika, na wakakimbilia kibarazani kwa Abeli, kila mmoja kwa mwendo wa magoti yake.

Wakiwa hapo, bati likipigwa kwa nguvu, simu ya Abeli ikalia. Ilikuwa Mbuba. Akampa bibi yake.

"Wameniambia," alisema Esperansia bila salamu. "Ni kweli umelisema?"

"Nimelisema. Mara mbili."

"Likoje mdomoni?"

Ernesta alifikiri. "Dogo. Nilidhani litakuwa kubwa."

Mvua ilipiga huku, na kwa sauti iliyokuja kwenye simu, ilipiga na kule.

"Liseme nilisikie," Esperansia alisema.

Ernesta akalisema. Akasikia mwenzake anapumua, anapumua tena, kama mtu aliyesimama mbele ya mto asiojua kina chake. Kisha, kutoka Mbuba, polepole, kwa sauti ya bi harusi, jina likaja.

Ernesta aliisogeza simu karibu zaidi na sikio, lile lile alilonong'onezewa na shangazi.

"Tena," alisema.